Maswali ya Wasomaji: Kisimamizi Chepesi cha Madirisha, Nichague Kipi?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, nina kompyuta ya mezani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, prosesa ya viini viwili na diski kuu ya zile zinazozunguka. Nimeweka Linux pamoja na Xfce, mazingira yake ya eneokazi, na kwa kazi ndogondogo sina malalamiko, lakini nikifungua kivinjari na programu ya kuandikia kwa pamoja mashine huanza kusuasua, hata nikibofya menyu hukawia hadi nisahau nilichokuwa nikikitafuta. Nimeshauriwa niachane na mazingira kamili ya eneokazi nitumie kisimamizi cha madirisha peke yake. Taabu ni kwamba kila ninayemuuliza hunitajia chake: Openbox, Fluxbox, IceWM, JWM, i3, dwm, na orodha haiishi. Wewe unakipenda kipi, na kwa sababu gani? Naomba uzingatie pia kwamba kompyuta hii tunaitumia wawili, na mwenzangu hana hamu hata kidogo ya kujifunza jambo jipya.

Msomaji aliyechoka kusubiri

JIBU: Ndugu msomaji, ninachokipenda nitakutajia, lakini kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana wengi hukitafuta kisimamizi kipya bila kujua kwamba wanacho kimoja tayari. Katika mfumo wa X, ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984 na kufikia toleo lake la 11 mwaka 1987, seva inayochora kwenye skrini haijishughulishi na swali la dirisha likae wapi, livae fremu gani, au lifungwe kwa kitufe kipi. Waliouunda walikusudia hivyo: seva itoe nyenzo tu, na maamuzi yaachiwe programu nyingine. Programu hiyo ndiyo kisimamizi cha madirisha. Ukikizima huku kivinjari chako kikiendelea, kivinjari hakifi. Dirisha lake hubaki limeganda pale lilipokuwa, bila upau wa juu wa kulishikia na bila kitufe cha kulifungia, nawe huna pa kulivutia. Kwa kuwa mamlaka hayo yalitengwa tangu mwanzo, kila aliyekuwa na maoni yake kuhusu madirisha aliweza kuandika kisimamizi chake, na ndiyo maana orodha unayotajiwa haiishi.

Xfce unayoitumia ina chake, kiitwacho xfwm4, nacho si kizito. Ushauri uliopewa unahusu hasa vile vilivyokizunguka: upau wa kazi, programu inayochora mandhari na aikoni za eneokazi, inayosimamia umeme, inayoonyesha arifa, inayopachika flashi unapoichomeka, na nyingine zinazoamka pamoja nawe kila unapoingia. Ukihamia kwenye kisimamizi kitupu unaviacha hivyo vyote, na nafuu unayoipata hutoka huko.

Je, ni nafuu ya kiasi gani? Kisimamizi chepesi chenyewe hutumia megabaiti chache hadi makumi kadhaa, ilhali kivinjari cha siku hizi chenye vichupo kadhaa hutumia mamia ya megabaiti na huweza kupita gigabaiti nzima bila kuona haya. Usikubali neno langu wala la mwingine, pima. Washa mashine, ingia, subiri dakika mbili, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike "free -h", kisha usome safu ya mwisho, ile inayoonyesha kumbukumbu inayopatikana, wala si ile ya iliyotumika, kwa sababu mfumo hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhia mafaili ya diski na huirudisha mara inapohitajika. Fungua kivinjari na kurasa zako za kila siku, pima tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo mzigo wa kivinjari, na hakuna kisimamizi duniani kitakachokupunguzia mzigo huo. Kinachoweza kufanyika ni kukipa kivinjari nafasi zaidi ya kupumua, na kwa mashine ya gigabaiti 2 nafasi ya megabaiti mia au mia mbili si haba.

Hapa nitatoka nje ya swali kidogo. Kukawia kwa menyu unakokueleza kunanukia diski zaidi ya madirisha: kumbukumbu ikijaa, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski inayozunguka ni mwendo wa kobe kwa kazi hiyo. Ukiweza kuibadilisha kwa diski ya SSD, ile isiyozunguka, au walau kuwasha zram, ambayo hubana sehemu ya kumbukumbu badala ya kuitupa diskini, utaona mabadiliko ambayo kisimamizi peke yake hakiwezi kukuletea. Ukishayafanya hayo, kisimamizi chepesi kitakuwa nyongeza njema. Usipoyafanya, kitakuwa dawa ya kutuliza tu.

Sasa kuhusu neno lenyewe "chepesi". Ninavyoliona mimi, wepesi wa programu hizi ni kazi iliyotolewa mikononi mwa kompyuta na kuwekwa mikononi mwako. Sakinisha Openbox, chagua kikao chake unapoingia, na utakachokiona ni skrini tupu na mshale wa kipanya. Hakuna upau, hakuna saa, hakuna aikoni hata moja. Ukibofya kitufe cha kulia popote kwenye utupu huo hufunguka menyu fupi, na humo ndimo dunia yako yote ilimo. Saa ukiitaka utaweka upau kama tint2. Mandhari ukiyataka utaweka feh au nitrogen. Alama ya mtandao ukiitaka utaanzisha nm-applet, na sauti nayo ina kijiprogramu chake. Kila kimoja ni chepesi, kila kimoja ni mstari mmoja katika autostart, faili la programu zinazoanza nawe, na kila kimoja hutakikumbuka mpaka siku utakapokihitaji.

Mimi yalinikuta. Wiki ya kwanza baada ya kuhamia kisimamizi kitupu nilijisifu kwa namna skrini yangu ilivyokuwa safi, mpaka nilipotaka kufungua diski ya ndani iliyohitaji nywila ya msimamizi. Nilibofya, kimya. Nikabofya tena, kimya vilevile. Nusu siku nzima nikiishuku diski, kebo na mfumo wa mafaili, kumbe kilichokosekana ni wakala wa polkit, yaani kijiprogramu kinachofungua kidirisha cha kuuliza nywila, ambacho Xfce ilikuwa ikiniwashia miaka yote bila mimi kujua jina lake. Diski ilikuwa nzima; hapakuwa na wa kuniuliza nywila tu. Kwa hiyo kabla hujahama, fungua orodha ya programu zinazoanza pamoja na kikao chako cha Xfce, isome taratibu, na dhidi ya kila jina andika kama utalibeba au utaliacha. Kufunga skrini ukiondoka mezani ni jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa.

Visimamizi vyenyewe vimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa madirisha yanayoelea, yanayopandana kama karatasi juu ya meza, nawe huyasogeza kwa kipanya. Humo wamo FVWM, Window Maker, Fluxbox, Openbox, IceWM na JWM. Ukoo wa pili ni wa vigae: dirisha la kwanza hujaza skrini nzima, la pili likija hugawana nafasi na la kwanza, na hakuna linalomfunika mwenzake, humo wamo dwm, i3, awesome, xmonad na bspwm. Kuchagua ukoo ni uamuzi mkubwa kuliko kuchagua jina ndani ya ukoo.

Vigae vina utamu wake, nami ndivyo ninavyotumia kwa kazi ya kuandika. Kisimamizi cha i3, kilichoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, hukuuliza mara ya kwanza unapokiwasha kama ungependa kitufe kikuu kiwe kile chenye nembo ya Windows au Alt, kisha hukuandikia faili la usanidi la maandishi matupu ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Kitufe hicho pamoja na Enter hufungua terminali. Pamoja na d hufungua sehemu ya kuandika jina la programu unayoitaka. Pamoja na Shift na q hufunga dirisha. Baada ya siku kumi hivi vidole huenda vyenyewe na kipanya huanza kushika vumbi. Lakini skrini ndogo ni adui wa vigae: weka madirisha matatu ubavuni mwa ubavu kwenye skrini ya nukta 1366 kwa 768 na kila kurasa ya intaneti itakuwa kijistari kisichosomeka. Dawa yake katika i3 ni kubonyeza kitufe kikuu na w, ili madirisha hayo yageuke vichupo na kila moja lipate upana wote. Nami hukaa hivyo sehemu kubwa ya siku, jambo ambalo wapenzi wa vigae hawapendi kulikiri. Nikikumbuka ulichosema kuhusu mwenzako, sikushauri uende huko. Mtu aliyezoea kitufe cha kufungia pembeni akikuta dirisha lisilo na kitufe hicho, atadhani mashine imeharibika.

Katika ukoo wa yanayoelea, Openbox ndicho kinachosifiwa zaidi, na sifa hizo kimezistahili. Hutii kila unachokiandika ndani ya rc.xml, faili lake la usanidi, hakibabaiki, na LXDE, mazingira mengine mepesi ya eneokazi, ilikitegemea kwa miaka mingi. Shika Alt, bofya popote ndani ya dirisha kwa kitufe cha kushoto, uliburute. Shika Alt na kitufe cha kulia, ulipanue: ukishazoea hutatafuta tena ukingo mwembamba wa dirisha. Toleo lake la 3.6.1 lilitoka mwaka 2015, mwaka uleule ambao Fluxbox ilitoa 1.3.7. Sioni ubaya wa programu kutulia, maana kisu kizuri hakihitaji toleo jipya kila mwezi. Kinachonizuia kukupa Openbox ni kile nilichokwisha kusema kuhusu skrini tupu: utajenga nyumba nzima kwa mkono, tofali kwa tofali. Fluxbox ina upau wake mdogo na uwezo wa kuunganisha madirisha kadhaa kuwa vichupo chini ya fremu moja, jambo zuri kwa anayelitaka. JWM, ambayo watumiaji wa Puppy Linux wanaijua, huja na upau na menyu ndani ya faili moja, nayo ni nyepesi kweli kweli.

Kwako wewe nachagua IceWM, na si kwa kukupoza. Iliandikwa kwanza na Marko Maček mwaka 1997, bado hutolewa matoleo mapya, na antiX, usambazaji wa Linux uliokusudiwa mashine kongwe, huitumia kama chaguo lake la kwanza. Ukiiwasha unakuta chini ya skrini upau wenye menyu, orodha ya madirisha yaliyo wazi, saa, na vijigrafu vya prosesa na mtandao. Hivyo vyote vimo ndani ya IceWM yenyewe, hutafuti mahali pengine. Mwenzako akiketi mbele yake atajua pa kubofya bila kufundishwa.

Usanidi wake umo katika folda ya ".icewm" ndani ya folda yako ya nyumbani, kila jambo na faili lake: preferences kwa tabia, keys kwa njia za mkato za kibodi, toolbar kwa aikoni za kwenye upau, menu kwa menyu, winoptions kwa madirisha mahususi, na startup kwa programu zinazoanza nawe. Nakili faili la mfano la preferences linalokuja na programu, ulifungue, na utakuta kila chaguo limeandikwa kwa mtindo wa jina, alama ya usawa, na thamani. "TaskBarAtTop=1" huupandisha upau juu ya skrini; sifuri huurudisha chini. Ukimaliza kuhariri, menyu ya kutokea ina chaguo la kukianzisha upya kisimamizi peke yake, na programu ulizozifungua hazitaguswa.

Mitego miwili nikutajie, kwa kuwa yote nimenaswa nayo. Faili la startup lazima lipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa amri ya "chmod +x". Usipofanya hivyo IceWM hulipita kimyakimya, nawe utabaki ukihariri mistari iliyo sahihi tangu mwanzo. Wa pili ni winoptions, ambako unaweza kuagiza kwamba kivinjari kifunguke daima katika eneo fulani la kazi: maeneo huhesabiwa kuanzia sifuri, hivyo ukiandika 1 dirisha litakwenda eneo la pili. Jina la programu la kuandika humo hulipati kwa kubahatisha. Andika "xprop" kwenye terminali, mshale utageuka alama ya msalaba, bofya dirisha unalolitaka, na usome mstari wa WM_CLASS.

Kuhusu kuitumia wawili, hakuna ugomvi. Kisimamizi ni chaguo la kila mtumiaji, wala si la kompyuta. Usiiondoe Xfce, fungua akaunti mbili, na kila mtu achague kikao chake kwenye skrini ya kuingilia mara ya kwanza, nayo kwa kawaida itakumbuka. Mwenzako akiridhika na Xfce, abaki nayo kwa amani. Diski itapoteza megabaiti mia kadhaa tu, na kumbukumbu haitapoteza kitu, kwa kuwa kisichowashwa hakitumii kumbukumbu.

Na kama unataka kuonja bila kuhama, ukiwa ndani ya Xfce kwenye X, sakinisha Openbox, fungua terminali na uandike "openbox --replace". Fremu za madirisha zitabadilika sura papo hapo na upau wako utabaki. Usiifunge terminali hiyo, maana kisimamizi kinaendeshwa kutoka humo. Ukichoka, fungua terminali nyingine uandike "xfwm4 --replace", na mambo yatarudi yalivyokuwa. Utakuwa umeona kwa macho yako lile nililolieleza mwanzoni, kwamba kisimamizi ni programu ya kuvuliwa na kuvaliwa.

SWALI: Nimesoma kwamba dwm ina mistari ya msimbo isiyozidi 2000. Kama ndivyo, kwa nini watu wahangaike na vingine? Si ndicho chepesi kuliko vyote?

JIBU: Kwa hesabu ya mistari, ni vigumu kushindana nacho. Waliokiandika mwaka 2006 walijiwekea mpaka huo wa mistari 2000 kwa makusudi, na njia mojawapo ya kuuheshimu ni kutokuwa na faili la usanidi linalosomwa programu inapoanza. Ukitaka kubadilisha rangi ya ukingo, unahariri faili la config.h, ambalo ni msimbo wa lugha ya C, unaiunda programu upya, unaisakinisha, kisha unakianzisha kisimamizi tena. Ukitaka uwezo ambao haumo, unatafuta kiraka kilichoandikwa na mtumiaji mwingine na kukibandika kwenye msimbo. Kiraka cha kwanza hukubali, cha pili hukubali, cha tatu hugongana na cha kwanza, na hapo jioni yako imekwisha.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayekusifia wepesi wa dwm aghalabu ni mtu aliyekwisha kuubeba mzigo huo miaka mingi na kuusahau. Kama unaijua C, au unataka kuijifunza kupitia programu ndogo inayosomeka yote kwa siku moja, sijui mwalimu mzuri kuizidi. Kama unachotaka ni kompyuta inayoitika haraka, tofauti ya kumbukumbu kati ya dwm na IceWM itamezwa na kichupo kimoja cha kivinjari.

SWALI: Naambiwa X inazeeka na kwamba siku zijazo ni za Wayland. Je, nikijifunza Openbox au i3 leo, sitakuwa nimepoteza muda?

JIBU: Katika Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X, ule utengano wa mamlaka nilioueleza hapo juu haupo. Kazi ya seva, ya kusimamia madirisha na ya kuyachora kwa pamoja imewekwa ndani ya programu moja, inayoitwa kompozita. Kwa hiyo huwezi kuvua kisimamizi na kuvaa kingine huku kazi zako zikiendelea, na zana kama wmctrl na xprop, zilizoundwa kwa ajili ya X, haziyaoni madirisha halisi ya Wayland. Faida nayo ipo, na si ndogo: katika X programu yoyote iliyo wazi inaweza kusikiliza vitufe unavyobonyeza katika programu nyingine, nywila ikiwamo, na Wayland imeufunga mlango huo.

Ulichojifunza hakipotei, kwa sababu waandishi wa kompozita nyepesi walikuwa watumiaji wa visimamizi hivi hivi. Sway, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2016, iliundwa ili isome usanidi wa i3. Labwc ilifuata nyayo za Openbox, na mwezi wa Oktoba 2024 Raspberry Pi OS iliifanya kuwa chaguo lake la kawaida. Kwa mashine yenye kadi ya michoro kongwe bado ningebaki na X, kwa kuwa kompozita nyingi hutegemea uwezo wa kadi, na kadi isipoitika kazi yote humwangukia prosesa. Ukiwa na mashine ya miaka ya karibuni, nakili rc.xml yako uipeleke kwenye folda ya labwc ndani ya ".config", ingia, na ubonyeze njia zako za mkato moja baada ya nyingine ukiwa na kalamu mkononi. Nyingi zitaitika, zile zisizoitika ndizo za kuandika upya, na kwa kawaida ni zile zilizokuwa zikiita zana za X.